Jua la Alasiri kwenye Dirisha la Mashariki

Mama yangu alipokuja kuishi nami Garissa, hakuomba chochote ila dirisha. Alikuwa ametoka Hulugho baada ya kiangazi kirefu kumaliza mbuzi wake, na mimi wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza naanza kujenga. Fundi alichora vyumba mchangani kwa kijiti ili nimwonyeshe. Nilimwambia Mama achague chumba anachotaka. Hakuuliza kipi kikubwa wala kipi kiko karibu na choo. Aliuliza jua linachomozea wapi, akatembea mpaka upande huo, akasimama katikati ya mistari ya fundi.

"Hapa," alisema. "Na dirisha litazame kule."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Baada ya swala ya alfajiri alikaa kwenye mkeka, mgongo ukiegemea ukuta uliotazamana na dirisha, msahafu ukiwa juu ya marufaa yake ya mbao. Ploti ya jirani ilikuwa tupu, imejaa miti ya mathenge na mifuko ya plastiki iliyonaswa na miiba. Jua lilipopanda juu ya mathenge hayo liliingia chumbani moja kwa moja. Lilianza ukutani juu ya kichwa chake, likashuka kwenye mtandio, likafika kwenye ukurasa. Kwenye ukurasa ndipo alipolitaka. Macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka, na miwani niliyomnunulia ilimsaidia tu pale palipokuwa na mwanga wa kutosha. Mwanga uliposhuka hadi miguuni, alifunga msahafu, akatoka kwenda kulisha kuku.

Kisha mwenye ploti akaamua kujenga. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa makamo, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alikuja kutujulisha kabla ya kuchimba msingi, kama inavyopasa jirani. Alimwita Mama eeddo, yaani shangazi, ingawa hatukuwa na udugu.

"Eeddo, tutawasumbua kwa vumbi na kelele," alisema. "Mtusamehe mapema."

"Ardhi ni yako," Mama alimjibu. "Jenga, Allah akubariki."

Nafikiri alitarajia nyumba kama yetu, ya chini. Zilipofika nguzo za ghorofa ya pili, jua lilianza kuchelewa. Sakafu ya ghorofa ya nne ilipomwagwa zege, halikuingia tena dirishani asubuhi. Lilipovuka paa la jengo lilikuwa tayari karibu na utosi, likaangaza ua wetu kwa juu na kukiacha chumba cha Mama na rangi ya maji ya kufulia.

Hakulalamika. Alichukua simu yake, akawasha tochi, akasoma kwa mkono mmoja na kushika tochi kwa mkono wa pili. Mimi ndiye niliyelalamika, moyoni na mbele ya kila aliyenitembelea. Ninafundisha fizikia katika shule ya upili ya wasichana hapa mjini, na ilinikera kwamba nachora miale ya mwanga ubaoni wiki nzima, halafu nyumbani siwezi kumpa mama yangu hata mwale mmoja.

Jumamosi moja niliung'oa mlango wa kabati langu la zamani, ule wenye kioo kirefu, nikaulaza uani chini ya dirisha lake muda ambao jua lilikuwa limevuka jengo. Mwanga ulipiga kioo, ukaruka, ukaingia dirishani na kutua kwenye dari ya chumba. Nilimwita Mama. Aliingia, akatazama juu, akaona kipande cheupe cha jua kimetanda kwenye dari, na chumba kizima kikiwa kimeamka.

"Umelitoa wapi?" aliuliza.

"Nimeligeuza tu. Mwanga ukigonga kioo hurudi kwa mlalo uleule uliojia, ila upande wa pili. Kama mpira ukiutupa sakafuni."

Kabla hajajibu, kivuli kilipita darini, miguu miwili mirefu na shingo inayonesanesa. Tulichungulia dirishani. Kuku wake mweusi alikuwa amepanda juu ya mlango wa kabati, ameinamisha kichwa, anamdonoa kuku aliye chini yake. Chumbani kivuli chake kilijaa dari, kikubwa kama cha mbuni. Mama alicheka mpaka akakaa kitandani. Lakini jua haliko tuli, na kila baada ya muda mfupi kipande kile cha mwanga kilihama kutoka darini kwenda pembeni, kisha kikatoweka, nikawa natoka kukisogeza kioo. Siku ya pili nilichoka. Mlango wa kabati ukarudi mahali pake, na Mama akarudi kwenye tochi.

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo mafundi wa vioo walifika jirani. Walivileta vioo kwenye lori, vimesimamishwa kwenye fremu ya mbao na kutenganishwa kwa maboksi, vya rangi ya buluu upande wa ndani na kama kioo cha kujitazama upande wa nje. Hivi siku hizi viko kila mahali mjini, kwenye mahoteli, kwenye maduka makubwa, hata kwenye majengo ambayo bado hayajapakwa rangi. Wenye majengo wanavipenda kwa sababu hurudisha jua na chumba hakichemki. Sikufikiria hata mara moja kwamba jua lile linalorudishwa lazima liende mahali.

Ukuta mzima uliotazamana nasi ulivikwa vioo. Siku waliyomaliza nilikuwa sebuleni baada ya shule, nasahihisha karatasi za mtihani. Mama alikuwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, kama kawaida yake. Mara mlango wake ulifunguka kwa nguvu. Alitoka mtandio ukiwa begani, uso wake umekunjamana kwa hofu.

"Mbona hukuniamsha?" alisema. "Umeniacha nimelala mpaka jua limechomoza. Alasiri imenipita, magharibi imenipita, isha imenipita, alfajiri imenipita. Nitazilipaje zote hizi?"

"Mama, hujakosa swala. Sasa hivi ni alasiri."

"Alasiri gani, na jua liko dirishani?"

Niliinuka nikaenda naye chumbani. Kweli, jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la mashariki, la manjano na lenye joto, limelala sakafuni kwa vipande vipande kama vitambaa vilivyoanikwa. Nami nilishtuka kidogo, sitakataa. Kisha nikachungulia nje, na nikaliona jua lenyewe likiwa ndani ya kioo cha ghorofa ya tatu, linawaka kiasi cha kuniumiza macho. Nilimshika Mama mkono nikamtoa mpaka barazani upande wa pili wa nyumba, nikamwonyesha jua la kweli likiwa magharibi mahali linapopaswa kuwa wakati huo.

Alisimama akatazama huku, kisha tukarudi akatazama kule. Pumzi yake ilianza kutulia.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilifundishwa kwamba siku ya mwisho jua litatoka magharibi. Hakuna aliyeniambia kwamba litachomoza mara mbili mashariki."

Jioni hiyo alinitaka nimweleze, nikamweleza. Jua linapoanza kuteremka baada ya adhuhuri, miale yake hugonga ukuta ule wa vioo, ikarudi kuelekea kwetu. Jua likiwa bado juu, mwanga unaorudi huangukia chini karibu na jengo. Kadiri jua linavyoshuka, mwanga ule unanyooka na kuja mbali zaidi, unavuka ua, unapanda ukuta wetu, unaingia dirishani. Ndani ya chumba ulifanya kinyume cha asubuhi zake za zamani. Ulianza sakafuni chini ya dirisha, ukatambaa hadi kwenye mkeka, ukapanda magotini, ukafika kwenye ukurasa, ukaishia ukutani juu ya kichwa.

Mama alibadilisha ratiba yake bila mazungumzo marefu. Kisomo cha asubuhi alikihamishia baada ya swala ya alasiri. Tochi ya simu aliiachia nyakati ambazo stima zinapotea. Nilikuwa nikitoka shule namkuta pale, mwanga umempata usoni, kidole kinafuata mstari, na sauti yake ya chini inasikika mpaka jikoni. Uani nako mambo yalikuwa mazuri. Nguo zilikauka pande zote mbili, na nyama aliyoikata vipande vyembamba na kuianika kwa ajili ya kukaanga na samli ilikuwa tayari mapema kuliko tulivyozoea.

Aliyesumbuka alikuwa ndege mmoja tu, hondohondo mwenye mdomo mwekundu uliopinda, aliyejiona kwenye kioo cha ghorofa ya kwanza akadhani ni mgeni aliyekuja kumnyang'anya mke. Alikuja kila asubuhi kumgonga mgeni huyo, ko, ko, ko, naye mgeni akamgonga vilevile. Mama alimhurumia. "Mwambieni aondoke yeye kwanza," alisema, "ataona na mwenzake ameondoka."

Furaha hiyo iliingia doa jioni moja karibu na magharibi. Wapangaji walikuwa wameanza kuhamia jengoni. Mama na mimi tulikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, nimemfungua nywele namsuka, kichwa wazi kama ilivyo kawaida ya wanawake ndani ya ua wao. Mchana wote vioo vilikuwa vimetuonyesha anga na paa letu tu. Giza lilipoanza kuingia, mtu fulani akawasha taa ghorofa ya tatu, na kioo kile kikafunguka kama pazia. Tulimwona mwanamume amekaa mezani, kikombe cha chai mkononi, kompyuta mbele yake. Alikuwa karibu nasi kiasi kwamba tuliona mistari ya shati lake.

Mama alivuta mtandio. "Amefika sasa hivi?"

"Sidhani, Mama. Nafikiri amekuwa pale tangu asubuhi."

"Mbona hatukumwona?"

Hili nalo nililijua vizuri, maana huwafundisha wasichana kila mwaka, na kila mwaka hawaniamini mpaka tuzime taa za darasa. "Jicho linaona mwanga unaolifikia tu," nilimwambia. "Kioo kile kinarudisha mwanga mwingi na kupitisha kidogo, kutoka kila upande. Mchana nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Ule unaorudi machoni petu unaufunika ule mdogo unaotoka kwake, tunabaki kuona mbingu. Yeye aliye ndani anatuona sisi. Usiku ukiingia na taa ikiwashwa, mambo yanageuka. Sisi tunamwona, naye anajiona mwenyewe."

Mama aliinamisha kichwa nimalizie msuko. Kisha akasema, "Ni kama kibanda chetu cha mikeka. Nikiwa msichana, mgeni akija boma, tulikaa ndani gizani tukamtazama kwenye matundu ya mikeka tangu akiwa mbali, mpaka vumbi la viatu vyake tukaliona. Yeye aliona mikeka tu."

"Ndivyo hasa."

"Basi sasa sisi ndio wageni," alisema, "ndani ya boma letu wenyewe."

Kuanzia siku hiyo hakukaa tena uani kichwa wazi. Alijifunga garbasaar, shela yetu kubwa, hata wakati wa kulisha kuku, kwenye joto linaloyeyusha lami. Mimi nilikasirika. Nilimpigia simu mume wangu, ambaye anafanya kazi Mandera, akasema tununue turubai kubwa tuufunike ua wote. Nilikubali upesi. Nilikuwa nimeshapima kwa hatua nilipomsikia Mama akiniita kutoka dirishani mwake.

"Ukifunika ua, mwanga wangu utapita wapi?"

Niliacha kupima.

"Usifunike kitu," alisema. "Kesho baada ya shule unipeleke kule juu. Nataka nione mwenyewe wanachokiona kabla sijamlaumu mtu."

Kesho yake tulikwenda. Mwenye jengo alikuwa dukani kwake chini, akainuka alipomwona Mama.

"Assalamu alaykum, eeddo. Kuna tatizo?"

"Wa alaykum salaam. Sijui kama kuna tatizo. Nipandishe ghorofa ya tatu nitazame nyumba yangu."

Alinitazama mimi kwanza, kisha akatangulia ngazini. Mama alipanda polepole, akipumzika kila ghorofa, akikataa mkono wangu. Yule mwanamume wa chai alikuwa mhasibu, kijana mpole aliyeinuka haraka na kututolea viti. Nilichokiona kwanza ni kwamba meza yake ilikuwa imegeuzwa. Jioni ile tulimwona ubavu. Sasa alikaa akilipa dirisha mgongo kabisa.

"Nimeigeuza juzi," alisema aliponiona nikitazama, macho yake yakiwa chini. "Hapo mwanzo niliiweka ilivyokuja. Halafu nikaona kwamba kuna ua wa watu. Nisameheni."

"Hukukosea," Mama alimwambia. "Macho hayana mlango. Umefanya vizuri."

Kisha alisogea mpaka kwenye kioo, akaweka kiganja chake juu yake, akatazama chini. Nilisimama kando yake. Kutoka pale vioo vilitia kila kitu rangi ya buluu kidogo, kama saa ya mapema kabla jua halijatoka. Ua wetu ulikuwa pale wote, mdogo kuliko nilivyoujua. Kamba ya nguo, jiko, tangi la maji, alama za ufagio wa asubuhi mchangani, na njia nyembamba ambayo miguu ya Mama ilikuwa imeichimba kati ya mlango wake na banda la kuku. Hakuwahi kuiona njia hiyo. Wala mimi.

Aliegemeza paji lake la uso kwenye kioo. Nilidhani amehuzunika. Mara akagonga kioo kwa ukucha.

"Yule mweusi. Mtazame yule mweusi."

Kuku wake mweusi alikuwa anazunguka tangi la maji, anasimama, anatazama huku na huku kama mwizi. Akaingia nyuma ya tangi, kwenye upenyo kati yake na ukuta, mahali ambapo mtu aliye chini hawezi kuona hata akiinama. Kutoka juu tulimwona vizuri, akijipepeta na kutulia juu ya rundo la mayai.

"Wiki ngapi namwambia binti yangu kwamba paka anakula mayai," Mama alimwambia mwenye jengo. "Paka wa watu nimemsingizia bure."

Mwenye jengo alicheka, na mhasibu naye akacheka akiwa bado ametupa mgongo. Hapo kila mtu alikuwa ameshalegea, na Mama akasema haja yake bila kupaza sauti. Kwamba ametafuta mwanga miaka hii, na vioo hivi vimempa mwanga mzuri, na hataki vitolewe. Ila mwanamke ndani ya ua wake anahitaji kukaa bila kujifunga kama aliye safarini. Je, hakuna njia ya kuacha mwanga na kuondoa macho?

Mwenye jengo alikuna ndevu. "Naweza kujenga ukuta mrefu, eeddo."

"Ukuta utakula mwanga."

Hapo nikaingilia. Nilimwambia kwamba kinachotupa jua ni uso wa nje wa kioo, na kinachotuonyesha kwa wapangaji ni mwanga unaopenya mpaka ndani. Ndani pakibandikwa ile karatasi ya plastiki yenye ukungu, wanayoweka kwenye madirisha ya bafu na kliniki, mwanga utapita lakini picha itavurugika. Huko nje hakuna kitakachobadilika. Na si lazima wabandike kioo chote. Nusu ya chini inatosha, maana anayetazama uani lazima atazame chini.

"Na nusu ya juu wataona nini?" aliuliza mhasibu.

"Mbingu," alijibu Mama. "Ni nyingi, itawatosha."

Fundi wa vioo alirudi siku chache baadaye, Mkamba mmoja mcheshi kutoka upande wa Mwingi, na Mama alikwenda kusimamia kazi mwenyewe. Kwetu tunazungumza Kisomali; Kiswahili cha Mama ni cha sokoni, na akikizungumza, p huwa b na v huwa f.

"Wewe ndiyo fundi ya fioo?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Bandika bole bole. Macho ya watu toa. Mwanga yangu usitoe."

"Sitatoa hata kidogo, mama," alisema fundi, na akafanya kazi safi. Alinyunyiza maji yenye sabuni, akabandika, akasukuma mapovu kwa kipande cha mpira mpaka yakaisha. Ghorofa kwa ghorofa, nusu ya chini ya kila dirisha lililotutazama ikawa nyeupe kama maziwa kwa anayetazama kutoka ndani. Kutoka uani hatukuona tofauti yoyote wakati wa mchana. Magharibi taa zilipowashwa tuliona nuru laini isiyo na mtu, na sehemu ya juu dari na feni zinazozunguka.

Mama alikaa uani jioni ile, akavua garbasaar, akaikunja na kuikalia. Nilimkanda kichwa kwa mafuta ya ufuta. Mtaa ulikuwa na kelele zake za kawaida, muadhini akijaribu kipaza sauti, pikipiki za boda, mbuzi wa jirani wakirudi wenyewe. Aliniambia nimsuke vizuri safari hii, maana mara iliyopita niliharakisha kwa sababu ya yule mwanamume wa chai.

Tangu hapo tumejifunza tabia za mwanga huu wa mkopo. Juni unahamia kusini na kuingia zaidi jikoni kuliko chumbani, nami hupika bila kuwasha taa. Desemba unarudi kaskazini na kumpita Mama kabisa, akalazimika kuhamishia mkeka pembeni mwa chumba ili aukute. Vioo vyenyewe havijanyooka kama macho yanavyodhani. Kila kimoja kina tumbo kidogo, na vipande vya mwanga vinavyotua ukutani vina mistari inayotetemeka kama maji ya Tana yanapopigwa na upepo. Nimeshawaleta wasichana wa kidato cha tatu nyumbani wavione. Walichora miale kwenye mchanga wa ua, Mama akiwa amekaa mlangoni, na mmoja wao alipokosea upande, Mama akamwonyesha kwa fimbo.

Na mvua za mwaka huu zilipokuja, tulipata kitu tusichokitarajia. Siku za mawingu hakuna jua la kurudishwa, na chumba chake huwa hafifu. Lakini vioo vya juu huonyesha anga yote ya magharibi, ile ambayo nyumba yetu wenyewe inamzuia kuiona. Mama ana maumivu ya shingo, hawezi kuinua kichwa kwa muda mrefu. Sasa huketi kwenye mkeka wake, shingo imetulia, akatazama mbele tu, na huko dirishani huona mawingu yakija nyuma ya mgongo wake, meusi, yakipita kutoka kioo hadi kioo. Juzi aliniita nianue nguo. Nilitoka nikatazama juu, nikaona anga nyeupe, nikamwambia hakuna mvua.

"Anua," alisema.

Nilikuwa bado na vibanio mdomoni matone ya kwanza yalipoanguka.